Rola ya kukunja ukingo wa fenda: kazi yake, madhara yake, na lini isiguse gari lako

Gari likishafungwa springi fupi au koilova (shokapu zenye springi inayoweza kupandishwa na kushushwa), tairi huanza kugusa mahali ambapo zamani palikuwa na nafasi ya kutosha, na kifaa cha kwanza kutajwa huwa rola ya kukunja ukingo wa fenda. Ni bamba la chuma linalofungwa kwenye habu, yaani kitovu ambacho rimu hufungwa, baada ya tairi kutolewa. Katikati yake hutoka mkono unaorefushwa na kufupishwa, na mwisho wa mkono kuna gurudumu dogo la plastiki ngumu. Ukiusukuma mkono huo mbele na nyuma, gurudumu linaukandamiza ule ukingo wa bati unaoingia ndani ya fenda mpaka ulale. Rola zinauzwa kwa majina mengi ila umbo ni lile lile, kwa hiyo tunachopima hapa ni aina nzima ya rola zinazofungwa kwenye habu.

Tuseme mapema: ni kifaa kizuri na thamani yake inaonekana. Kosa kubwa halimo ndani ya kifaa chenyewe. Limo katika kukunja fenda ya gari ambalo tairi lake halikuwa likigusa fenda.

Tairi la gari lililoshushwa linaweza kugusa ukingo wa fenda, plastiki ya ndani ya fenda, shokapu au kikombe cha springi (sahani inayoshikilia springi), au mkono wa chini wa sasipensheni na chesesi usukani ukikatwa hadi mwisho. Rola inatibu la kwanza peke yake. Hayo mengine hata ukikunja fenda zote nne, kelele itabaki pale pale.

Anza kwa kusikiliza. Mkwaruzo mfupi wa ghafla gari linapopita tuta au shimo, hasa abiria wakiwa wamekaa nyuma, karibu kila mara ni ukingo wa fenda. Mkwaruzo mrefu unaosikika ukikata usukani taratibu mahali pa kuegesha ni plastiki au chesesi. Sauti inayojirudia mara moja kwa kila mzunguko wa tairi gari likienda moja kwa moja inataka uangalie upande wa ndani: kuna sehemu inapitana na shokapu kwa nafasi ya unene wa karatasi, au rimu imepinda.

Kisha tazama alama. Ukingo wa fenda huchora mstari mwembamba kwenye bega la nje la tairi, kama uliopitishwa wembe, na rangi ya ukingo wenyewe huwa imetoka, chuma kinang'aa. Plastiki hufanya kinyume: tairi linabaki na utepe mpana uliosuguliwa laini, na plastiki inang'arishwa mahali pamoja kama sakafu iliyopigwa nta. Alama ya kuogopwa zaidi iko ndani. Kikombe cha springi kinapogusa, kinachimba mfereji kwenye ubavu wa tairi ambao hauonekani mpaka tairi litolewe. Ubavu una nyuzi zinazobeba shinikizo la hewa. Zikishaonekana, tairi hilo ni la kutupwa, wala halifai kuhamishiwa gurudumu jingine.

Kama alama hazieleweki, tumia chaki za rangi mbili. Paka moja kwenye bega la nje na nyingine kwenye bega la ndani, endesha dakika kumi ukipita matuta na kukata kona kwenda mbele na kurudi nyuma, halafu tafuta chaki imehamia wapi. Ukitaka kipimo, bandika vipande vya udongo wa kuchezea watoto, unene wa milimita 20 hivi, kwenye ukingo wa fenda na kwenye mwili wa shokapu. Baada ya safari, unene uliobaki ndio nafasi uliyonayo kwa kweli. Upande wa ndani, chini ya milimita 3 hapafai, kwa sababu tairi hulegea na kujipinda kwenye kona kuliko linavyofanya likiwa limesimama.

Njia ya uhakika kupita zote ni kutoa springi. Ondoa springi kwenye shokapu, rudisha shokapu bila springi, funga tairi, kisha inua gurudumu kwa jeki mpaka raba ya kugotea iliyo kwenye rodi ya shokapu iminywe. Hapo ndipo mwisho wa safari ya gurudumu. Kata usukani kutoka mwisho hadi mwisho na uone kwa macho linapogusa. Kazi hii inachukua saa moja au mbili, lakini inaokoa fenda.

Hesabu nayo itakuonyesha kwa nini limegusa. Ofseti ni umbali, kwa milimita, kati ya katikati ya upana wa rimu na uso wake unaokaa kwenye habu. Chukua rimu ya kiwandani ya upana wa inchi 7 yenye ofseti 45, uibadilishe kwa ya inchi 8 yenye ofseti 35. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo kila upande umeongezeka milimita 12.7. Ofseti iliyopungua kwa 10 inasogeza rimu nzima nje milimita 10. Jumla, uso wa nje umesogea milimita 22.7 kuelekea fenda, na uso wa ndani umesogea milimita 2.7 tu kuelekea shokapu. Rimu hiyo itagusa nje. Lakini rimu ya inchi 8 yenye ofseti ile ile ya 45 itasogea milimita 12.7 kila upande, na hapo shokapu ndiyo yenye shida, rola haina la kufanya. Urefu wa tairi nao uhesabiwe: 205/55R16 (upana wa milimita 205, ubavu wa asilimia 55 ya upana huo, rimu ya inchi 16) ina kipenyo cha milimita 632 hivi na 225/45R17 ina 634, tofauti isiyo na maana. Ukiweka 225/50R17 umefika 657, yaani juu ya tairi pamepanda zaidi ya milimita 12 kabla hata hujashusha gari. Mtu wa namna hiyo anahitaji tairi jingine. Fenda yake haina kosa.

Sasa, ikiwa uchunguzi umeonyesha ukingo ndio unaogusa, rola inastahili sifa zake. Magari mengi madogo yana ukingo unaoingia ndani milimita 10 hadi 15. Ukilala wote, unapata karibu nafasi hiyo yote ukitoa unene wa bati lililojikunja, na kwa nje mtu hatambui kitu. Mbinu za kienyeji kama kuzungusha gongo la mbao kati ya tairi na fenda gari likisukumwa, au kugonga kwa nyundo, zinaweza kukunja pia, ila hazina udhibiti wa pembe. Fenda hutoka na mawimbi unayoyaona mwanga ukipita ubavuni mwa gari. Rola hukandamiza kwa nguvu ile ile kutoka mwanzo wa tao hadi mwisho, na huo ndio ubora wake hasa.

Unapochagua, shika mkono wake ukiwa umerefushwa kabisa na uutikise. Ukicheza zaidi ya milimita chache mwishoni, gurudumu litateleza nje ya ukingo na kuchubua rangi. Tazama ekseli inayopita kwenye bamba: yenye bushi ya shaba au beringi ni bora zaidi kuliko chuma kinachosuguana na chuma. Gurudumu liwe la poliyurethani au nailoni, laini lisilo na mshono wa kiwandani, kwa kuwa mshono huo utaacha alama kwenye rangi yenye moto. Kishikio cha kubadili pembe ndicho kinachodhoofika kwanza kwenye rola za bei nafuu. Kina uzi mfupi, na ukikaza kwa nguvu uzi huo unalika, kisha pembe inateleza katikati ya kazi. Rola yenye boliti ya pembe iliyo nene na nati ya kufungia inadumu miaka.

Bamba nalo litazamwe. Lenye matundu marefu huingia mpangilio wa boliti 4 kwenye duara la milimita 100, na boliti 5 kwenye duara la 100, 112, 114.3 na 120, bila shida. Ila hapa kuna jambo ambalo karatasi za maelekezo hulipita kimya. Nati nyingi za rimu zina uso wa koni, na tundu la bamba ni bapa. Nati ya koni ikikaa juu ya tundu bapa inashika kwenye ncha tu, inalegea kila mkono unapokwenda na kurudi. Weka washa nene bapa au tumia nati za uso bapa zenye uzi ule ule. Kwa magari yanayotumia boliti badala ya nati, boliti ndefu ya rimu ikipita kwenye bamba jembamba inaweza kutokea nyuma ya habu na kugonga vilivyoko kule. Jaza urefu uliozidi kwa washa.

Kazi yenyewe huanza kwa usafi. Gari likae juu ya stendi imara, lisibaki kwenye jeki peke yake. Osha ukingo kwa maji na sabuni, toa udongo na mchanga uliojificha ndani, maana punje moja ikibanwa kati ya gurudumu na bati itatokeza kipele kwa nje. Fungua skurubu na klipu za plastiki ya ndani zilizo kwenye ukingo. Tafuta pia kile kisikio cha bati ambapo bampa hufungwa kwenye fenda: ama ukitoe skurubu na kukikunja peke yake, au ukiache kabisa, lakini usipitishe rola juu ya skurubu. Pitisha sumaku nje ya fenda. Mahali sumaku inaposhika kwa udhaifu pana puti (kijazio cha kusawazisha bati) chini ya rangi, na puti haikunjiki. Itapasuka na kudondoka kama ganda la yai. Isiposhika popote, fenda ni ya aluminiamu au plastiki. Ya plastiki haikunjwi. Ya aluminiamu hupasuka kwa urahisi kwenye mkunjo, na kwa maoni yetu hiyo ipelekwe kwa fundi wa bodi.

Kosa linaloharibu matao mengi ni kufunga rola habu ikiwa inaning'inia. Gari likiinuliwa, habu hushuka, na kitovu cha rola kinakuwa chini sana kuliko kitovu cha tao la fenda. Mkono unakandamiza kwa nguvu pembeni na haufiki juu katikati. Weka jeki nyingine chini ya mkono wa chini wa sasipensheni, inua habu mpaka ifike kimo inachokaa gari likiwa chini, ndipo ufunge rola. Hata hivyo tao la fenda si duara kamili, kwa hiyo utarefusha na kufupisha mkono mara kadhaa unaposogea.

Joto ndilo linaloamua kama rangi itapona. Rangi baridi ni ngumu kama glasi, ikikunjwa inakatika. Ikipata nyuzi 60 hadi 80 za sentigredi inalegea na kufuata bati. Tumia bunduki ya hewa moto kwa umbali wa sentimita 10 hivi, ikitembea muda wote, na upime kwa kipima joto cha mwanga, kile kinachopima bila kugusa, kwa nje. Kama huna kipima joto, gusa kwa kidole: ukiweza kukiacha hapo kwa sekunde tano bila kukitoa, bado hakujapata moto. Pasha sehemu ya sentimita 30, ipitie, kisha isogelee inayofuata. Fenda nzima haiwezi kubaki na moto kwa pamoja, na wanaopasha mara moja mwanzoni huwa wanamalizia wakikunja bati lililopoa.

Weka gurudumu liguse ukingo kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, sio bapa. Pita mara nne au tano kwa mwendo wa polepole, kisha ongeza mzunguko mmoja wa skurubu ya mkono, pita tena. Sogeza macho karibu na kona ya ukingo unapofanya hivyo. Rangi inayokunjika vizuri hubaki inang'aa, mwanga unapita juu yake kama uzi mmoja. Kabla haijapasuka huwa inapauka kwanza, inatokea ukungu mweupe mwembamba kama pumzi kwenye kioo. Ukiuona ukungu huo, simama hapo hapo, ongeza joto, punguza nguvu. Ukiupuuza, mpito unaofuata unaleta nyufa ndogo ndogo zilizopangana kama miguu ya tandu, na hizo hazirudi. Ukingo ukishafika nusu, badili pembe ya gurudumu na uendelee mpaka ulale. Hesabu dakika 45 mpaka saa moja kwa fenda moja. Anayemaliza kwa robo saa ameruka hatua.

Usitake ulale asilimia mia kama huhitaji. Ukingo ndio unaoipa fenda ugumu wake. Ukilala nusu na tairi likapita, acha. Na ukiendelea kukaza mkono baada ya ukingo kulala, huo sio tena ukunjaji: unavuta fenda yenyewe nje. Wapo wanaotaka hivyo kwa makusudi, na rola inaweza kutoa milimita chache, ila bati litapata tumbo lisilosawazika na rangi iko hatarini zaidi.

Fenda za nyuma ni kazi tofauti kabisa. Ya mbele ni bati moja lililofungwa kwa boliti, likiharibika linabadilishwa. Ya nyuma ni sehemu ya bodi, na ukingo wake ni mabati mawili, la nje na la ndani, yaliyoshikanishwa kwa nukta za kuchomelea na kuzibwa kwa gundi ya maungio. Ni ngumu zaidi, inataka mipito mingi zaidi, na gundi ile hupasuka karibu kila mara hata kazi ikiwa nzuri. Maji yakiingia katikati ya mabati hayo, kutu huanzia ndani, na siku utakapoiona kwa nje bati limekwisha kuliwa. Kwa hiyo kwa fenda za nyuma, kuziba upya ni sehemu ya ukunjaji. Futa vipande vilivyolegea, safisha kwa spiriti, pitisha praima ya kuzuia kutu mahali chuma kimeonekana, paka gundi mpya ya maungio urefu wote wa mkunjo, kisha rangi. Fundi asiye na gundi hiyo mezani asianze.

Plastiki ya ndani ikigusa, ipashe moto kwa bunduki ile ile, isukume nyuma kwa kitambaa kinene, ishikilie mpaka ipoe, na uifunge kwa klipu ya ziada. Usiikate na kuitupa, maana ndiyo inayozuia mawe na maji kufikia nyaya. Shokapu ikigusa, spesa (bamba la kusogeza rimu nje) ya milimita 3 au 5 inatosha mara nyingi, yenye shimo la katikati linalokaa sawasawa kwenye habu. Spesa inakula uzi wa stadi, yaani boliti zilizopachikwa kwenye habu, kwa hiyo hesabu mizunguko ya nati: kwa stadi ya milimita 12 yenye uzi unaosogeza nati milimita 1.5 kwa mzunguko, mizunguko 8 inatoa milimita 12 za kushika, na ikipungua hapo badilisha stadi ziwe ndefu. Chesesi ikigusa usukani ukiwa umekatwa mwisho, magari mengi hukubali pete za kupunguza mkato kwenye rodi ya usukani, kwa gharama ya kugeuza gari kwa duara kubwa zaidi.

Alaimenti, yaani pembe za matairi, ipimwe upya kabla ya kukunja chochote. Gari likishushwa, mlalo wa tairi hubadilika, na kila nyuzi moja ya tairi kulalia ndani huvuta kichwa chake milimita 5 hivi kutoka kwenye fenda. Wakati mwingine marekebisho hayo peke yake yanamaliza mkwaruzo. Yakipita kiasi yanakula tairi upande wa ndani, hivyo si dawa ya kukazia mpaka mwisho. Na kwa mwenye koilova, kupandisha milimita 5 hadi 10 ndio urekebishaji wa haraka kuliko wote. Inashangaza ni wangapi hukunja bati kabla ya kushika spana ya koilova.

Raba ya kugotea isikatwe zaidi ya alivyoelekeza mtengenezaji wa springi. Ndiyo inayosimamisha gurudumu kabla ya bati, na bila raba hiyo nafasi yoyote uliyoipata kwa rola inaliwa na shimo la kwanza kubwa.

Ukimaliza, kaza nati za rimu kwa kipimo cha kitabu cha gari, sio kwa kukisia, na uzikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Paka chaki upya kwenye mabega ya tairi. Weka watu wawili au mizigo ya uzito wao kiti cha nyuma, pita tuta kwa pembe ili gurudumu moja lipande peke yake, kisha kata usukani mwisho kulia na kushoto, mbele na nyuma. Chaki ikibaki ilipopakwa, rudisha plastiki na klipu zake. Ikiwa imefutika kwenye bega la nje mahali pamoja tu, mara nyingi ni kile kisikio cha bampa kilichoachwa bila kukunjwa. Anza kukitafuta hapo kabla ya kuifunga rola tena.